Kompyuta Iliyolia Ikakataa Kusema

Juzi ofisini kwetu tuliletewa mashine mpya, na kijana wa kuzifunga alipopasua katoni ya kwanza, ile harufu ikanifikia mezani: plastiki mpya, nailoni, na yale mapovu makavu meupe yanayolia yakikwaruzana. Wenzangu walisogea kutazama. Mimi nilishikwa na hasira, hasira hasa, hata nikaondoka kwenda kunywa maji nisiyoyataka. Nimekuwa mtu mzima, nina watoto wanaonifundisha kutumia simu yangu mwenyewe, lakini harufu hiyo bado hunirudisha Garissa, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, nimepiga magoti mbele ya kompyuta na nyumba nzima inaniuliza mgongoni sauti iko wapi.

Tuliokua enzi za kaseti tutaelewana upesi. Kwetu, mtu akiwa mbali hakuandikiwa. Hooyo, yaani mama yangu, hakujua kusoma, na Aabo, baba yangu, aliyejua kidogo, aliona barua ya karatasi ni kitu cha ofisi ya chifu. Mtu wa heshima alituma sauti yake. Bashir, kaka yetu mkubwa, alipokwenda kusoma India, alikuwa akija nyumbani kwa kaseti, amefichwa ndani ya soksi au katikati ya nguo za msafiri fulani, na siku hiyo kazi zote zilisimama. Hooyo alichoma uunsi, ule ubani wetu unaopikwa na sukari, akachemsha chai ya maziwa ya ngamia, na redio ikawekwa katikati ya mkeka. Bashir alianza kwa salamu. Alimsalimu kila mmoja kwa jina, akasalimu majirani, akasalimu wajomba wa Balambala, na mbuzi nao ilibaki kidogo tu wasalimiwe.

Kisha ilikuja zamu ya kujibu, na kaseti ya kujibia ilikuwa ile ile. Watu wote walifanya hivyo. Unasikiliza, unarudia kusikiliza, halafu unarekodi juu yake na kumpa msafiri anayerudi. Hooyo alisema Bismillahi, akabonyeza kitufe chekundu, na maneno yake yakaanza kumfunika mwanawe kuanzia salamu hadi mwisho. Nilikuwa mdogo, sikuona ubaya wowote. Sasa nina wangu na ninajua alichokuwa akifanya: kila alipotaka kusema na mwanawe, ilimbidi kwanza amfute. Kwa miaka yote ile hakubaki na sauti yake hata moja.

Na katika kila kaseti alimwuliza jambo moja: unarudi lini? Jibu la Bashir lilikuwa tayari mdomoni. Karibu, Hooyo, inshallah, nikimaliza tu. Aabo alikuwa amemjengea chumba cha matofali nyuma ya nyumba na kukipaka chokaa, na duka letu la nafaka na vitambaa likawa linaitwa duka la Bashir, ingawa Bashir hakuwahi kuuza humo hata kibiriti. Mwishowe Hooyo alichoka. Nilimsikia akiisemesha redio kwa ukali. Kwetu mama humwita mtoto wake hooyo, kama baba anavyomwita aabo, na hivyo ndivyo alivyomwita siku ile: “Hooyo, sitaki kusikia karibu tena. Karibu ni neno la kumbembelezea mtoto mchanga. Nipe jibu, nilijue.”

Jibu lilikuja kwenye sidii. Msafiri alikuwa kijana wa Eldas aliyesoma na Bashir, naye alimkabidhi Hooyo kile kisahani kwa mikono miwili.

“Bashir amesema hii haifutiki,” alimwambia. “Jibu lako limo humu, na utabaki nalo.”

Hooyo alikigeuzageuza, akaona uso wake ndani yake. Halafu akakifunga kwenye ncha ya mtandio wake na hakukiachia mpaka jioni. Kitu kisichofutika! Sikumbuki kumwona amefurahi vile, na ndiyo maana yaliyofuata yaliniuma sana.

Kompyuta tayari tulikuwa nayo, bado inanuka upya. Aabo aliileta kutoka Nairobi juu ya lori, imeviringishwa blanketi kama mgonjwa, kwa sababu Bashir mwenyewe alikuwa amesisitiza kwamba duka na watoto wasibaki nyuma. Mimi nilikuwa darasa la sita, na katika nyumba ile Kiingereza kilikuwa kazi yangu. Maandishi ya chupa za dawa niliyasoma mimi, kwa hiyo na mashine ikawa juu yangu. Niliunganisha waya kwa kufuata picha za kitabu chake, nikaiwasha, ikatoa mlio mmoja mkali, pii, na watoto wadogo wakapiga makofi. Hakuna aliyefikiri kwamba sauti yake ingekuwa na shida. Tumeisikia ikilia, basi ina koo.

Siku ya kusikiliza uunsi ulichomwa, chai ikamiminwa, mkeka ukatandikwa. Niliingiza sidii, mashine ikaimeza, ikakoroma. Kidirisha kikafunguka chenye tarakimu, na tarakimu zikaanza kukimbia, sekunde juu ya sekunde, hadi dakika. Tulingoja. Habaryar Sahra, mdogo wake Hooyo, aliweka sikio kwenye matundu ya nyuma, akatuinulia mkono tunyamaze, kisha akasema anasikia upepo. Ulikuwa upepo wa feni.

“Hizo namba ni za nini?” Hooyo aliniuliza.

“Ni yeye, Hooyo. Anaongea.”

“Sasa hivi anaongea?”

“Sasa hivi.”

Alisogeza mkeka karibu na kiwambo. Mwanzoni aliitikia kwa midomo, kwa kuwa alijua salamu hukaa wapi: wacalaykum salaam, tuko salama, alhamdulillahi. Baadaye midomo ikasimama, naye akabaki akitazama tu zile tarakimu mpaka zikaisha na kurudi sifuri. Bashir alikuwa amesema jibu lake mbele yetu sote, na hakuna aliyelisikia.

Yule aliyesema penye wengi hapaharibiki neno hakuwahi kuingia chumba kile siku zilizofuata. Kila mwanamke wa mtaa alikuja na dawa yake. Mmoja alisema sidii igeuzwe, upande unaong'aa uwe juu, tukaigeuza, mashine ikaitema. Mwingine alisema mashine ina joto, tukaipepea kwa kipepeo cha ukili. Mmoja aliipiga kofi ubavuni, kama redio yake ya nyumbani, nikakaribia kulia. Aabo alikuwa na yake pia: alishikilia kwamba yule kijana wa Eldas aliiacha sidii juani njiani, na sauti imeyeyuka ikabaki rangi. Mjini kulikuwa na hoteli moja yenye redio ya kuchezea sidii, lakini Aabo alisema maneno ya mwanawe kwa mama yake hayaendi kupigwa mbele ya watu wanaotafuna miraa. Hilo hakutaka kulijadili.

Nami wakati huo nilikuwa na maelezo yangu, na sikumwambia mtu. Niliona kila kitu ndani ya mashine ile kimeandikwa kwa Kiingereza, kuanzia inapoamka hadi inapozimwa. Nikaamini kwamba mashine haijui lugha nyingine. Bashir alikuwa akiongea Kisomali humo ndani, na mashine, kwa kutoelewa, ilikuwa inamhesabia dakika tu. Shuleni kwetu mambo yalikuwa hayo hayo. Ukiongea Kisomali darasani mwalimu alikutazama kama aliyekosa kusikia, na usipobadili lugha hukujibiwa. Kwa nini mashine iwe na huruma kuliko mwalimu?

Kwa hiyo kila nilipotoka shule nilipiga magoti pale kutafuta mahali pa kuiambia kwamba sisi ni Wasomali. Nilifungua kila kitu kilichofunguka. Siku moja nikapata orodha ndefu ya lugha. Nikaishuka kwa kipanya polepole, nikiogopa kuipita. Walikuwamo Wadeni, Wafini, Waswidi, watu ambao sikuwahi hata kuwasikia wakitajwa. Kisomali hakimo. Nikatafuta Kiswahili, angalau, nacho hakimo. Niliketi pale nimekunja ngumi. Nilimchukia aliyeandika orodha ile, na nusu yangu, nasema kweli, ilimchukia Bashir kwa kutojua kwamba angepaswa kumjibu mama yake kwa Kiingereza. Halafu nikakumbuka kwamba mama yake hajui Kiingereza, na hasira ikakosa pa kukaa.

“Hooyo, bado?” mama aliniuliza kutoka jikoni.

“Bado.”

“Subira, hooyo. Subira huvuta heri.”

Methali ile siipendi hadi leo.

Mwishowe Aabo alimwita Mwalimu Kyalo. Alikuwa mtu wa Mwingi, alifundisha hesabu sekondari, alikuwa amepanga karibu nasi, na alikuwa amegusa kompyuta chuoni. Alikuja baada ya swala ya alasiri akiwa na kiredio chake cha kaseti mfukoni, na waya wa spika za masikioni ukining'inia shingoni, maana mtu huyo hakutembea bila nyimbo zake. Alikaa kwenye kiti changu. Hilo lilinikera. Aliniambia, “Msichana, hii ni kazi ndogo, ni mipango tu imekosewa,” akaanza kufungua mle mle nilimofungua mimi. Alizima, akawasha. Ikalia pii.

“Mnasikia? Sauti iko,” alisema.

“Mwalimu,” Hooyo alimwambia kwa Kiswahili chake, “kama inaweza kulia, kwa nini inakataa kusema?”

 Mwalimu aliondoka magharibi akisema ni joto limemchosha, na kesho yake akarudi na bisibisi.

Alipotoa kifuniko, sote tuliinama kuchungulia. Nilitarajia kitu cha ajabu. Kulikuwa na mbao za kijani, waya, na vumbi letu la Garissa ambalo tayari lilikuwa limejua njia. Mwalimu alipitisha kidole nyuma ya mashine, akakuta mahali palipozibwa kwa kibati kipya, na juu ya ubao, mkabala na kibati hicho, pengo refu tupu. Akanyanyua kichwa.

“Mzee, hapa pana kitu kilitolewa. Kadi ya sauti haimo. Uliinunua hivi?”

“Wacha, hiyo najua,” alisema Aabo, tena kwa fahari, kwa Kiswahili cha kwetu kinachogeuza p kuwa b na v kuwa f. “Hiyo ni mimi nilisema itolewe. Nilimwambia yule kijana wa duka, hii mashini inaenda nyumba ya Waislamu, iko watoto. Toa musiki. Sitaki hata moja ibaki.”

“Na akatoa?”

“Alitoa mbele ya macho yangu. Kibande kidogo hifi. Akasema, mzee, hii ndiyo musiki, nimetoa. Na fifaa fingine fya kelele alikuwa nafyo kando, nikamwambia hifyo bia sitaki. Nikamwombea dua.”

Mwalimu aliweka bisibisi chini. “Mzee, muziki na maneno hupita mlango mmoja. Ukiufunga huu, umefunga yote.”

“Mimi sikumwambia atoe maneno!” Aabo alipaza sauti. “Nani alimwambia atoe maneno?”

 Hooyo alimtazama Aabo tu; heri angemgombeza. Mimi nilitaka kupiga kelele mpaka mabati yatoke. Siku zote zile nilikuwa nimebishana na mashine, nikaisingizia lugha yangu, nikamsingizia ndugu yangu, na Aabo ameketi pale pale akinywa chai na jibu la swali letu kichwani mwake. Hakuwa mtu mbaya. Aliposikia watu wakisema kompyuta huleta nyimbo na filamu ndani ya nyumba, alifanya alichoona baba anapaswa kufanya, na alidhani nyimbo hukaa upande wao na maneno upande wao, kama mchele na maharage kwenye magunia yake dukani. Ningeelewa hivyo siku ile? Nilikuwa na miaka ya darasa la sita na magoti yenye sugu.

Mwalimu alikuwa akirudisha kifuniko mkono wake ulipotua mbele ya mashine, mahali sidii inapoingilia. Palikuwa na kitundu cha mviringo na kigurudumu kidogo kando yake, ambavyo mimi nilivifuta vumbi kila siku nikidhani ni urembo. Akavua waya shingoni, akauchomeka pale, akaweka spika moja sikioni. Nikabonyeza. Tarakimu zikaanza kukimbia, na uso wa Mwalimu ukafunguka.

“Mama Bashir,” alisema, “njoo umsikie mtoto wako. Lakini ni mmoja mmoja tu.”

Hatukuwa tumezoea hivyo. Bashir kwetu alisikilizwa na chumba kizima. Mwalimu alimvalisha Hooyo zile spika juu ya mtandio, akaaga kwa adabu akaondoka, nasi tukabaki tumemzunguka tukitazama uso wake, kwa kuwa hatukuwa na kingine cha kutazama. Aliitikia salamu kwa sauti kubwa mno, kama watu wanavyofanya wakiwa hawajisikii. Alicheka. Alisema, “Huyo huyo, mwongo huyo,” akacheka tena huku machozi yakimtoka. Wadogo zangu walimvuta gauni wakiuliza anasema nini, akawainulia mkono. Kisha akaacha kucheka. Akaangalia sakafu, na akasikiliza mpaka mwisho bila kutingisha hata kidole.

Alipozivua, Aabo alikuwa wa kwanza kuuliza. “Amesema nini?”

“Anawasalimu,” alisema Hooyo. “Wote. Kwa majina.”

“Na jibu?”

“Anawasalimu.”

Aabo alichukua zile spika akasikiliza akiwa amesimama, amegeukia ukuta. Mgongo wake haukuonyesha kitu. Alipomaliza alizikunja taratibu, waya juu ya waya, akasafisha koo. “Ndiyo,” alisema. “Anatusalimu. Mtoto mzuri.” Akatoka kwenda swala, na wakati wa swala ulikuwa bado.

Nikajua wananificha kitu, nami nilikuwa nimepigania sauti ile kuliko wote. Nilijivalisha mwenyewe. Bashir alikuwa hapo hapo, ndani ya kichwa changu, karibu kuliko alivyokuwa kwenye kaseti yoyote. Alinisalimu kwa jina langu la utani. Akamaliza majirani, akamaliza wajomba. Halafu sauti yake ikashuka.

“Hooyo, umesema hutaki karibu, basi sisemi tena karibu. Sirudi. Nimepata kazi na karatasi za kwenda mbali zaidi, na nimekubali. Mwambie Aabo kile chumba akipe mtu, na duka amfundishe mwingine. Kwenye kaseti nisingeweza, ningefuta na kuanza upya hadi niseme uongo. Nimeweka hapa ili nisiweze kufuta. Nisamehe, Hooyo.”

Kanda zote alizoahidi kurudi zilifutwa na mama yake mwenyewe, kwa mkono wake, huku akisema Bismillahi. Iliyobaki ni hii. Nilielewa hilo papo hapo, ingawa nilikuwa mtoto, na sijui kama nimewahi kukasirika vile tena. Nilimkasirikia Bashir kwa kusema kweli, na kiwanda kilichotengeneza kitu kisichofutika, na nafsi yangu kwa kuhangaika siku zote zile ili tulisikie jibu lile. Wadogo zangu walikuwa wamening'inia mikononi. “Anasema nini? Anarudi lini?” Nilimwona Hooyo mlangoni, ananitazama. Hakunikonyeza, hakunikataza, alinitazama tu.

“Anawasalimu,” nikasema.

Kaseti ya huzuni ingetutoa machozi sote kwenye mkeka mmoja. Tungelia, Habaryar Sahra angetukana, Aabo angenyanyuka na kurudi, na ingekwisha. Hii tuliisikia mmoja mmoja, na kila mmoja alibaki na yake, akidhani anamkinga mwingine. Chumba cha matofali kilifagiliwa kila Ijumaa. Duka likaendelea kuitwa la Bashir. Hakuna aliyemwambia mwenzake neno.

Baada ya muda Mwalimu Kyalo alirudi kutoka Nairobi, amejaa tabasamu, na spika mbili za mezani chini ya kwapa. Alisema zinaingia kwenye kitundu kile kile cha mbele, hata kadi haihitajiki. “Leo Mama Bashir, nyumba nzima itasikia pamoja.” Wadogo zangu walikimbia kutandika mkeka. Mimi niliganda.

Hooyo alimmiminia chai, akaweka kikombe mbele yake, akaketi.

“Mwalimu, Mungu akubariki,” alisema. “Lakini hiyo sauti, wacha ikae haba ndani tu. Iko watoto. Na iko baba yao.”

Aabo alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango. Niliona viatu vyake. Mwalimu hakuelewa, alitutazama mmoja mmoja akidhani tumemchokea, akanywa chai yake kwa haraka ikamchoma. Nilitaka kumfuata nimweleze. Lakini Aabo alikuwa ameshaingia, amezichukua zile spika kwa mikono yake miwili, na akamsindikiza mgeni amembebea mwenyewe hadi kwenye lango.